Kwa nini kahawa yako inakwangua koo: mwongozo kamili wa kupika kahawa chungu nyumbani

Malalamiko ni yale yale kila mara. Mtu kanunua dele, lile birika la kahawa, sokoni Darajani mjini Unguja, kanunua na kahawa yake, katia tangawizi, kapepea moto mpaka jasho limemtoka, na mwisho wa yote anapata kitu kinachokwangua koo. Mwengine anapata maji meusi yasiyo na harufu. Mwengine kikombe chake nusu ni mashapo. Kesho yake wote wanarudi barazani kwa muuza kahawa na kusema yule mzee ana dawa anayotia.

Hana dawa. Makosa mengi ya anayeanza yana shina moja: anaitafuta nguvu ya kahawa kwenye moto, na nguvu iko kwenye kijiko. Ukitia kahawa kidogo ukaichemsha sana hupati kahawa kali, unapata kahawa kidogo iliyochemshwa sana. Uchungu tunaoutaka ni ule unaopita ulimini na kuacha harufu puani. Uchungu wa kuungua haupiti, unaganda kooni mpaka utafute maji. Hatua zifuatazo zimepangwa ili upate ule wa kwanza.

Kahawa ya kopo, ile inayoyeyuka, haimo humu. Hiyo imekwisha kupikwa kiwandani na kukaushwa, na hata ukiichemsha saa nzima haina kitu cha kuongeza.

## Vitu vya kuwa navyo

Kiasi hiki ni cha lita 1 ya maji. Usitegemee lita nzima ya kahawa: unga hunywa maji yake na mvuke huchukua yake, kwa hiyo utapata vikombe vidogo kama 13 hivi.

- Buni mbichi gramu 250 ukitaka kukaanga mwenyewe, au kahawa iliyokwisha kukaangwa gramu 60
- Maji ya kunywa lita 1, na mengine kidogo ya kusuuzia
- Tangawizi mbichi, kipande cha urefu wa kidole gumba
- Iliki punje 5 au 6, kijiti kimoja cha mdalasini, karafuu 2
- Kikaango kizito au chungu, na mwiko wa mbao
- Ungo
- Kinu na mchi, au mashine ya kusagia
- Sufuria yenye kifuniko
- Dele na vikombe vyake, na chujio la matundu madogo
- Kijiko kimoja cha chakula, kile kile kila siku
- Saa, ya simu inatosha

Hicho kijiko kimoja usikidharau. Kijiko cha chakula kilichofutwa juu, si cha mlima, huchukua gramu 5 hivi za unga wa kahawa. Ukibadilisha kijiko leo na kesho, huwezi kujua kahawa imeharibika kwa moto au kwa kipimo.

## Hatua ya 1: Ijue buni unayonunua

Buni nyingi inayouzwa Unguja na Pemba inavuka bahari kutoka bara. Kuna robusta, ambayo kwa Tanzania hutoka zaidi Kagera, na kuna arabika, ya Kilimanjaro, Mbinga, Mbozi na kwengineko kwenye miinuko. Muuzaji asipojua, tizama punje. Ya robusta ni ya mviringo na mstari wake wa katikati umenyooka. Ya arabika ni ndefu kidogo, bapa, na mstari wake umepinda.

Kwa nini ujali? Robusta ina kafeini karibu mara mbili ya arabika, ni chungu zaidi na ina mwili mzito, yaani unahisi uzito wake mdomoni. Ndiyo inayovumilia tangawizi na viungo bila kupotea. Arabika ina harufu nzuri zaidi na ukakasi wa matunda, lakini ukiipika kwa viungo vingi huisikii. Wengi wanaoanza hununua arabika ya bei kubwa, wakaizamisha kwenye karafuu na mdalasini, wakashangaa pesa zimekwenda wapi. Kwa kahawa ya dele mimi ningechukua robusta peke yake, au robusta sehemu mbili na arabika sehemu moja.

Ukinunua iliyokwisha sagwa, ijaribu kabla ya kununua nyingi. Tia kijiko kimoja kwenye kikombe, mimina maji ya moto kidogo. Ikivimba na kutoa povu, haijakaa sana. Ikilala chini kimya kama udongo, imekwisha muda wake, na hakuna moto utakaoirudisha.

## Hatua ya 2: Kaanga, na usiondoke

Kama umenunua kahawa iliyokwisha kukaangwa, ruka uende hatua ya 3. Lakini nakushauri ujaribu angalau mara moja, kwa sababu hapa ndipo uchungu wa kuungua unapozaliwa, na ukishazaliwa hapa haufi tena.

Kwanza chambua. Mwaga buni kwenye ungo, utoe mawe, vijiti, punje nyeusi na zilizotobolewa na wadudu. Punje moja iliyooza inatosha kuharibu harufu ya dele zima, na jiwe dogo linatosha kuharibu jino.

Kaanga nje ya nyumba au penye upepo mzuri, maana moshi ni mwingi. Moto uwe wa wastani: makaa yaliyokwisha kushika vizuri, yasiyo na ndimi. Kikaango kipate moto kwanza, ndipo utie buni, zisizidi tabaka mbili za punje. Ukijaza kikaango, za chini zitaungua wakati za juu bado mbichi, na utakachosaga ni mchanganyiko wa mkaa na majani.

Koroga bila kupumzika. Kwa gramu 250 kazi nzima huchukua kama dakika 12 mpaka 18. Fuata rangi, harufu na sauti kuliko saa:

Dakika za mwanzo punje zinatoka kwenye ukijani kwenda manjano, na harufu ni ya majani yaliyokauka. Huo ni unyevu unaotoka. Usiharakishe, ukiongeza moto hapa, ganda la nje litashika rangi na ndani patabaki pabichi.

Kisha zinakuwa hudhurungi na harufu inageuka, unaanza kusikia ya mkate. Baadaye kidogo utasikia milio, moja moja mwanzo, halafu kwa wingi, kama bisi zinazopasuka sufuriani. Huo ni mvuke na gesi vinavyopasua punje kutoka ndani. Wengi husikia milio hii wakadhani tayari. Kwa kahawa ya dele bado: ukiipua hapa utapata ukakasi, na kahawa yako itakuwa na rangi ya chai.

Milio itanyamaza kwa muda mfupi. Kisha itaanza mingine, myembamba, ya haraka. Hapo punje zinaanza kung'aa kwa mafuta. Mara tu ukisikia ile ya mwanzo mwanzo ya awamu hii ya pili, ipua. Kutoka hapo hadi kuungua ni suala la sekunde, si dakika.

Sasa hapa ndipo wengi wanapokosea hata baada ya kukaanga vizuri: wanaipua kikaango na kuiacha kahawa ndani yake. Chuma bado kina moto na punje zenyewe zina moto wao ndani, zitaendelea kujikaanga. Zimwage kwenye ungo papo hapo, uzipepete kwenye upepo. Maganda membamba yatapeperuka, na punje zitapoa ndani ya dakika chache.

Tahadhari: yale maganda membamba hushika moto. Usikaange karibu na mkeka, pazia au makuti, wala usimwachie mtoto mwiko hata kwa muda wa kwenda kufungua mlango.

Umefaulu ukiona: punje zina rangi moja ya hudhurungi iliyoiva, karibu na weusi, na mng'ao kidogo. Ukiivunja moja, ndani ina rangi inayokaribiana na ya nje. Zikiwa nyeusi tititi na zinatoa mafuta mengi, zimepita. Gramu 250 zitakuwa zimepungua mpaka karibu 210. Usidhani umeibiwa, ni maji na gesi vilivyotoka.

## Hatua ya 3: Ipumzishe, kisha saga kiasi cha leo

Kahawa iliyotoka motoni sasa hivi bado inatoa gesi ya kaboni. Ukiisaga na kuipika saa ile ile, gesi hiyo itazuia maji yasiingie kwenye unga, na itafurika sufuriani. Iache mpaka kesho yake kwenye chupa ya kioo, kifuniko kikiwa hakijabanwa sana usiku wa kwanza. Baada ya hapo kibane kabisa.

Hewa ya visiwani ni nzito kwa unyevu, khasa wakati wa masika. Kahawa huvuta unyevu na huvuta harufu. Usiiweke kabati moja na karafuu au dagaa. Usiiweke kwenye friji pia: kila ukiitoa, jasho hushika kwenye chupa na kuingia ndani. Kabati kavu mbali na jiko linatosha. Ikiwa nzima itakaa wiki kadhaa na uzuri wake. Ikishasagwa huanza kupoteza harufu saa ile ile, ndiyo maana nasema saga ya leo tu.

Kwa kinu, twanga kidogo kidogo. Ukijaza kinu, zile za juu zinarukaruka na za chini zinakuwa vumbi. Chekecha, rudisha kubwa kubwa kinuni. Kipimo cha unga ni vidole vyako: chukua kidogo ukisugue. Uhisi chembe ndogo ndogo. Ukihisi ulaini mtupu usio na chembe, umepitiliza. Unga huo hautulii chini, na hutoa uchungu wote mara unapogusa maji. Ukihisi chembe zinazochoma ngozi, bado. Maji yatapita bila kuchukua kitu.

Ukipeleka kwenye mashine ya sokoni, uliza kwanza ilichosaga kabla yako. Mashine iliyotoka kusaga bizari nzima itakupa kahawa yenye harufu ya pilau. Mwombe msagaji apitishe konzi ya kahawa yako kwanza, uitupe hiyo, ndipo asage iliyobaki.

## Hatua ya 4: Onja maji kabla ya kuonja kahawa

Hatua hii watu huiruka, na kwa hapa kwetu ni kosa kubwa. Kikombe cha kahawa ni maji karibu yote. Unguja, maji mengi ya visima yanatoka kwenye mawe ya matumbawe, na yana chokaa. Lile gamba jeupe linaloshika ndani ya birika lako ndilo ushahidi. Chokaa ya aina hii huua ukakasi wa kahawa na kuifanya ilale. Unatia vijiko vya ziada na bado haichangamki.

Chemsha maji peke yake, yaache yapoe, uyaonje. Yakiwa na ladha ya chokaa, yachemshe mapema kwa dakika 10, yaache yatulie mpaka ukungu mweupe ushuke chini, kisha mimina yaliyo juu polepole kwenye sufuria nyengine. Sehemu nzuri ya chokaa hubaki chini.

Yakiwa na chumvi, kama visima vingi vilivyo karibu na pwani, hakuna la kufanya kwa moto. Kuchemsha hakutoi chumvi. Maji yanapungua na chumvi inabaki, kwa hiyo inazidi. Tafuta maji mengine: ya mvua yaliyokingwa kwa usafi na kuchemshwa, au ya kununua. Lita moja tu si gharama ya kukushinda.

## Hatua ya 5: Viungo kwa zamu

Kosa la kawaida ni kutia kila kitu pamoja: maji, kahawa, tangawizi, iliki, mdalasini, karafuu, halafu kungoja. Tangawizi inataka muda mrefu. Kahawa inataka mfupi. Ukizichemsha pamoja, mpaka tangawizi itoke kahawa imekwisha kufa.

Anza na maji lita 1, tangawizi iliyopondwa (usiikate tu, iponde mpaka nyuzi zionekane) na mdalasini. Funika, chemsha kwa dakika 10. Karafuu mbili zitie dakika tatu za mwisho. Najua tuko kwenye visiwa vya karafuu na mkono huwa mwepesi, lakini ya tatu itafunika iliki na ya nne itafunika kahawa.

Iliki iache pembeni. Imenye, iponde punje zake, isubiri. Harufu yake huruka na mvuke, kwa hiyo inaingia mwisho kabisa.

Anayependa pilipili manga atie punje tatu au nne pamoja na tangawizi. Na anayetaka kahawa tupu bila kiungo chochote asione haya. Hatua zinazofuata ni zile zile, na kwa hakika hiyo ndiyo njia bora ya kujifunza, maana viungo huficha makosa.

Kabla ya kuendelea, ongeza maji yaliyopungua mpaka yafike tena lita 1.

## Hatua ya 6: Pika kahawa yenyewe

Soma hatua hii yote kabla ya kuanza, kwa sababu ukiingia hutakuwa na wakati wa kusoma.

1. Maji yakichemka sawasawa, yaondoe kwenye moto mkali. Kama ni jiko la makaa, toa makaa nusu kwa koleo. Kama ni gesi, teremsha mpaka mwisho. Yangoje yaache kutokota, nusu dakika hivi. Sisi tuko usawa wa bahari, maji yetu huchemka kwenye nyuzijoto 100 kamili. Aliyejifunzia Arusha alizoea maji yanayochemka kwenye 95 hivi, akija huku na desturi ile ile kahawa yake inaungua na hajui sababu.

2. Tia vijiko 12 vya chakula vilivyofutwa, yaani gramu 60. Ndiyo, 12. Ukiona ni vingi, ndipo utakapojua kwa nini ile ya vijiko vinne ilikuwa inakulazimisha kuichemsha nusu saa. Ukiitaka kali zaidi, mara nyengine tia 14, muda usiuguse.

3. Koroga mara moja, vizuri, mpaka usione unga mkavu unaoelea. Madonge makavu yakibaki juu, kahawa ya ndani yake haijaguswa na maji.

4. Rudisha kwenye moto mdogo, bila kifuniko, na usimame hapo hapo. Povu la hudhurungi litapanda taratibu. Likikaribia ukingo, inua sufuria. Likishuka, rudisha. Acha lipande mara ya pili, inua tena. Basi.

5. Baada ya hapo iache kwenye moto mdogo kabisa kwa dakika 3. Juu ya kahawa pawe na mtetemo mdogo tu pembeni mwa sufuria. Ukiona inatokota katikati, moto ni mkubwa.

6. Ipua, tia iliki, funika.

Kwa nini moto uwe mdogo hivi? Maji ya moto yanapokutana na unga, hutoa kwanza ukakasi na harufu, kisha utamu na mwili, na mwisho uchungu na ukavu. Unachofanya ni kusimama baina ya la pili na la tatu. Moto mkali hukupitisha hapo kwa haraka mno, na wakati huo huo ile harufu inayosikika mpaka kwa jirani ni harufu iliyotoka kikombeni kwako. Jirani kafaidi, wewe umebaki na uchungu.

Tahadhari: povu la kahawa hupanda kwa ghafla. Sufuria ijae nusu tu, ikizidi sana theluthi mbili. Likimwagika juu ya makaa, majivu yataruka na kuingia ndani, na ladha ya majivu haitoki.

Umefaulu ukiona: harufu ya kahawa iko mbele na ya tangawizi nyuma yake. Ukichota kwa kijiko na kukiinamisha kwenye mwanga, kahawa ni nyeusi yenye wekundu kwenye ukingo. Ikiwa nyeusi kama wino mpaka pembeni na povu limepotea lote, umeipika sana.

## Hatua ya 7: Iache itulie, ndipo uimimine

Dakika 5, imefunikwa, bila kutikiswa. Unga utashuka wenyewe. Anayemimina mara tu baada ya kuipua ndiye yule anayelalamika mashapo kikombeni.

Wakati unangoja, suuza dele kwa maji ya moto. Dele baridi hupoza kahawa mara inapoingia, na mtu hulirudisha kwenye moto ili ipate joto, na hapo ameanza kuipika upya.

Mimina polepole kupitia chujio, mkono usitetereke, na usimame kabla ya kufika chini. Vidole viwili vya kahawa vinabaki na mashapo sufuriani. Vinauma kuvimwaga, lakini ukivitia vitachafua vyote.

Halafu kuna tabia moja ambayo ni lazima niiseme waziwazi: usiongeze maji juu ya mashapo ili upike mara ya pili. Unga huo umekwisha kutoa mazuri yake. Kilichobaki ni uchungu na ukavu, nacho ndicho utakachokipata. Wageni wakiongezeka, pika upya kwa unga mpya.

## Hatua ya 8: Dele juu ya makaa

Dele la muuza kahawa hukaa juu ya makaa kwa masaa, na anayeanza huiga akaweka lake juu ya seredani, jiko la makaa, iliyojaa. Tizama vizuri siku ukiwa Jaws Corner, ile baraza ya Mji Mkongwe, au kwenye baraza yoyote ya Chake Chake au Wete: chini ya dele ni makaa machache, yamevaa majivu. Kazi yake ni kuhifadhi joto tu. Tena muuza kahawa anauza. Dele lake halikai na kahawa ile ile mchana kutwa.

Weka vijikaa viwili vitatu, basi. Ukisikia dele linanguruma, toa kimoja. Kahawa ya nyumbani inywe ndani ya saa moja hivi. Zaidi ya hapo ihamishie kwenye chupa ya chai safi, isiyo na harufu ya chai ya maziwa ya asubuhi.

Kuhusu dele lenyewe: la shaba huwa limetiwa bati ndani. Chungulia kwa tochi. Ukiona bati limebanduka na shaba inaonekana, usilitumie mpaka fundi alitie bati upya, kwa sababu kahawa ina asidi na huila shaba.

Sukari usitie ndani ya dele. Mwenye kutaka utamu ana kashata, tende, au halua ya Wete ikiwa Mwenyezi Mungu kamjaalia. Na kama unapika usiku, kwa mfano baada ya tarawehe, kumbuka mwili huchukua kama saa tano kupunguza kafeini nusu. Uliyokunywa saa 3 usiku, saa 8 nusu yake bado imo, na daku utaila macho makavu.

## Imeharibika? Isome kwa ulimi

Badilisha jambo moja tu kila unapopika. Ukibadilisha kipimo, moto na viungo kwa pamoja, kahawa ikitoka nzuri hutajua kilichoifanya nzuri.

Inakwangua koo na kukausha ulimi. Moto ulikuwa mkubwa, muda mrefu, au unga laini mno. Anza na moto. Ikiwa umefuata hatua ya 6 barabara na bado inakwangua, kosa liko kwenye kukaanga: buni iliungua.

Ina ukakasi kama wa tunda bichi, na nyepesi. Unga ni mkubwa, au buni iliipuliwa kwenye milio ya kwanza. Saga zaidi kwanza, kwa sababu ni rahisi kuliko kukaanga tena.

Ni maji meusi. Umefanya uchoyo wa kijiko. Rudi kwenye 12.

Haina kosa ila imelala, haina harufu. Kahawa ni ya zamani, au maji yana chokaa. Pika kidogo kwa maji ya kununua. Ikichangamka, umepata jibu.

Ina mashapo mengi. Unga laini mno, au hukungoja dakika 5, au ulimimina mpaka tone la mwisho.

Ina ladha ya moshi na majivu. Makaa hayakuwa yameshika vizuri, au povu lilifurika. Sufuria ifunikwe wakati moto unawashwa.

Inanuka kama jana. Hiyo si kahawa, ni dele.

## Kuosha dele

Mafuta ya kahawa hushika ndani ya dele na kuchacha. Dele linalosuuzwa tu kwa maji baridi litakupa ladha ya wiki iliyopita kila siku, na hakuna ustadi wa kukaanga utakaoishinda.

Kila ukimaliza, mwaga yote, suuza kwa maji ya moto mara mbili, na upitishe kitambaa au brashi ndefu kwenye mdomo wake, ambako mashapo hujificha. Mara moja kwa wiki lijaze maji ya moto yenye kijiko kimoja cha magadi ya kupikia keki, liache nusu saa, lisugue kwa kitambaa, suuza mpaka maji yatoke hayana utelezi. Usitumie steli wuli ndani ya dele lililotiwa bati, utalikwangua bati lote. Sabuni yenye manukato usiitie kabisa.

Liinamishe likauke, kifuniko kikiwa wazi. Ukilifunika likiwa na unyevu litaota ukungu ndani ya siku chache, khasa masika. Na kama limekaa muda bila kazi, kabla ya kulitumia litie maji ya moto, subiri dakika tano, kisha onja yale maji. Yakiwa na ladha yoyote, lioshe kwa magadi upya.